Masinki ya Zambarau
Kwenye ukoo wetu, ukishasoma uhasibu basi kila karatasi yenye namba ni yako, hata risiti ya LUKU. Kwa hiyo benki ilipomtaka baba mdogo apeleke mizania ya duka lake la vifaa vya ujenzi, aliniletea daftari la jalada jeusi na kiti cha plastiki.

Mwanzo ulikuwa mtamu. Taslimu milioni 2, wadaiwa milioni 6, bidhaa milioni 22: mali za muda mfupi milioni 30. Kikoba na wauzaji wa jumla waliompa mali kauli wanamdai milioni 15. Gawanya, unapata 2 kamili, ile ile inayosifiwa vitabuni. Baba mdogo akaagiza soda.

Tukashuka kwenye kipimo kikali, kile kinachoondoa bidhaa, kwa sababu msumari haulipi deni mpaka upate mnunuzi. Hapo nikapelekwa stoo kuonyeshwa masinki ya choo ya rangi ya zambarau, yamepandiana hadi darini. Yaliagizwa kwa ajili ya hoteli ambayo haikujengwa. "Siku mtu akitaka zambarau," alisema, "ataenda wapi zaidi ya hapa?"

Bila stoo, tulibaki na milioni 8 kwa 15, yaani 0.53. Na hapo tumewaamini wadaiwa. Mmoja kahamia Muscat. Pembeni ya jina la mwingine pameandikwa: "marehemu, ila watoto wake waungwana."

Nilimtetea kidogo. Supamaketi nyingi zinaishi vizuri tu chini ya 1, maana mteja analipa papo hapo na msambazaji anasubiri. Balaa ni msambazaji akichoka kusubiri; Wakenya waliziona rafu za Nakumatt zikibaki tupu mwaka 2017. Baba mdogo akauliza kama na wao waliuza masinki.

Kasheshe lenyewe lilikuwa kwenye uwiano wa deni kwa mtaji. Ukijumlisha guta na rafu, mali zote ni milioni 42. Toa zile 15, toa mkopo wa SACCOS milioni 9, mtaji unabaki 18. Deni 24 kwa mtaji 18: 1.33. Mama mdogo, aliyekuwa anapepeta mchele pale barazani, akauliza bila kuinua macho zile milioni 6 zake za mafao nimeziweka upande gani.

"Mtaji," baba mdogo akawahi. "Si ulichangia?"

"Nilikukopesha."

Nikahamisha. Deni 30, mtaji 12: 2.5. Duka lile lile, na hakuna aliyenunua wala kuuza hata bawaba. Makampuni makubwa nayo yana mivutano hii hii juu ya mikopo ya wenye hisa, ila wao hawapepeti mchele huku wakikusubiri uandike. Mimi niliandika: "Milioni 6, zina mgogoro."

Afisa mikopo alikuja mwenyewe kukagua stoo. Akayazunguka masinki, akagonga moja kwa kidole, akasema mkewe anapenda sana zambarau. Akalichukua kwa laki 3, bei ya kununulia, atalipa mwisho wa mwezi.

Nilikokotoa upya. Laki 3 zimetoka kwenye bidhaa zikaingia kwa wadaiwa. Kipimo kikali kimepanda hadi 0.55.

Baba mdogo alikuwa ameshafika barabarani. "Afisa! Na la wageni je?"