Tunalipia kipuri, hatulipii kupima

Mfyuuu! Sonda nyingine tena! Wakubwa, tutanunua vipuri vya bure mpaka lini?

Gari ya esansi inatoka Kisangani, inakula zaidi ya kilomita 250 za barabara ya taifa namba 4, inafika hapa Bafwasende taa ya moteri inawaka. Kijana wa garaji anachomeka valizi ya kusoma hitilafu chini ya dashibodi, anasoma kode P0171, papo hapo anaagiza sonda mpya ya oksijeni. Mwenye gari anatoa dola. Sonda inafungwa, kode inafutwa, taa inazimika. Hata Nia-Nia iliyo mbele hajaiona, taa imewaka tena.

Yaya, P0171 haikusema sonda imekufa! Imesema mchanganyiko ni mwembamba: hewa imezidi esansi. Sonda ndiyo iliyotoa habari, nanyi mnamfukuza mlinzi kwa sababu amepiga kelele za mwizi. Mtafuteni mwizi. Angalieni mpira mnene unaotoka kwenye filta ya hewa kwenda moteri. Njia hii yenye mashimo huupasua kwenye mikunjo. Angalieni vipira vidogo vya hewa. Kisha filta ya esansi na nguvu ya pampu. Esansi yenyewe tunanunua kwa Kadafi, wale wauzaji wa kando ya barabara, imepita bidoni hadi chupa. Maji na uchafu vinaingia humo. Mpira uliopasuka unauona kwa macho na taa ya mkononi, bila hata dola moja.

Njoo kwenye P0301. Hiyo inasema silinda ya kwanza inakosa kuwaka. Basi! Haikutaja buji, haikutaja bobini. Kama kila silinda ina bobini yake, hamisha ya kwanza uiweke kwenye ya pili, futa kode, endesha. Ikija P0302, bobini imekamatwa. Ikibaki P0301, geukia buji, injekta, halafu pima kompresheni. Na taa ikianza kupepesa njiani, toa mguu, simama: esansi isiyoungua inaingia kwenye katalizere na kuiunguza.

Halafu huku kufuta kode haraka haraka, ah! Kompyuta ya gari mara nyingi huhifadhi hali ya moteri wakati hitilafu ilipotokea: mwendo, joto, mizunguko. Ukifuta, umefuta na ushahidi huo. Andika kwanza kwenye daftari.

Wengine wanalaumu valizi kwamba haisomi gari. Marekani ililazimisha mfumo huu wa kode wa pamoja kwa gari mpya mwaka 1996, Ulaya ikafuata kwa gari za esansi mwaka 2001. Gari nyingi zilizotengenezwa kwa soko la Japani zilikuwa na njia yao ya mawasiliano, kwa hiyo soketi ya pini 16 inaingia vizuri lakini valizi ya bei ndogo haipati jibu. Kwenye Toyota nyingi za aina hiyo, fundi mzoefu anaunganisha pini 4 na 13 kwa waya, anawasha kontakti bila kuwasha moteri, anahesabu taa inavyopepesa. Ndiyo ufundi huo!

Lakini tusimtupie kijana peke yake. Akitumia asubuhi nzima kutafuta mpira uliopasuka, tunamwambia: umefunga nini hata nikulipe? Akifunga sonda isiyohitajika, tunalipa bila neno. Sisi wenyewe tumemfundisha kubadilisha badala ya kupima. Inaniuma, kwa sababu dola hizo zilikuwa karo ya watoto wa mtu.

Kwa hiyo, kabla ya kutoa pesa muulize: kode ni ipi, umepima nini, umeona nini? Akikujibu vizuri, mlipe saa zake hata kama hakufunga kipuri chochote. Akishindwa kujibu, funga boneti, peleka gari kwa mwingine.