Mabingwa wa Stika

Jamani, jamani, jamani! Kila mwaka Safari Rally ikikaribia, Nairobi halali mtu. Tangu mashindano hayo yarudi kwenye ubingwa wa dunia mwaka 2021, kila mwenye Subaru ya mkopo anajiona kazaliwa kwenye vumbi la Naivasha. Ekzosi zinapasua masikio, watoto wachanga wanaamka wakilia, na anayeongoza msafara ni yule yule ambaye jana alishindwa kuegesha gari sokoni. Mtasema nasingizia watu? Mmewaona!

Hapa kijiweni tunaye wetu, tunamwita Bingwa. Kwenye kioo cha dirisha la pembeni amebandika jina lake, bendera ya Kenya na kundi la damu, kama wafanyavyo madereva wa ralli ili daktari asihangaike mambo yakiharibika. Chini yake akaandika jina na kundi la damu la navigeta wake, msoma njia wa kiti cha pembeni, ambaye ni mpenzi wake. Navigeta! Binti ambaye hajawahi kumwelekeza popote ila kwenye nyama choma. Walipoachana, Bingwa akalikwangua jina kwa wembe, akasahau lililobaki. Mpaka leo kioo kina damu ya kundi B isiyo na mwenyewe. Mweh! Mapenzi haya.

Basi akatangaza kwamba sasa anaingia mashindano ya kweli. Tukampigia makofi, wengine tukamchangia mafuta. Akaenda kwenye autokrosi, ambako wengi wanaoanza huanzia: uwanja wa vumbi, kona juu ya kona, na mpinzani wako ni saa. Jioni akarudi kanuna. "Mzee, sasa pale nampita nani?" Nikanyamaza. Ningesema nini?

Aliyemsindikiza ndiye aliyetupa habari kamili. Kumbe hata kuwasha gari uwanjani hakuwasha. Wakaguzi walimwuliza: helmeti iko wapi? Hana. Kizimamoto? Hana. Vyuma vya kuzuia paa lisimlalie gari likipinduka? Akacheka, akadhani wanamtania. Wakamwambia atoe kila kitu kinachocheza ndani ya gari. Akafungua buti: spika mbili, kubwa, zimejaa mpaka pa kuweka jeki hakuna. Wakatazama breki, zimelika hadi chuma. Hela ya breki, ndugu zangu, ndiyo ile inayonguruma kwenye ekzosi. Wakamrudishia funguo kwa heshima zote.

Ukimsema, anakurukia: "Huu mchezo ni wa matajiri!" Sibishi sana, maana tairi na mafuta havimwonei mtu huruma. Ila hebu mkumbukeni Joginder Singh. Mtoto wa Kericho, fundi aliyejulia spana kwenye gereji ya baba yake. Mwaka 1965 alishinda Safari kwa Volvo PV544 iliyokwisha kutumika kwenye ralli, na kiti cha pembeni alikaa Jaswant, ndugu yake. Gari la mkono wa pili, navigeta wa nyumbani, ushindi! Akarudia 1974, akarudia 1976. Huyo alilijua gari lake mpaka nati ya mwisho. Bingwa wetu boneti anafunguliwa na mwosha magari.

Ah, vijana! Mtaka cha mvunguni sharti ainame, nao hata kiuno hawataki kukunja. Mwenye kiu ya mbio na akajitolee kwanza kuwa marshal, msimamizi wa njia, asimame juani kutwa nzima aone kona inavyoadhibu watu. Au aombe kiti cha navigeta, tuone kama atasoma daftari gari likirukaruka bila kutapika. Kisha anunue helmeti kabla ya ekzosi, breki kabla ya stika.

Na mbio za usiku Thika Road, tafadhalini, acheni; barabara waachieni wenye safari zao. Pale hakuna saa, hakuna mkaguzi wala kombe. Kuna mochari tu.