Rada ya Mwamapalala

Simiyu ina ziwa, ndiyo, lakini Mungu aliliweka Busega. Sisi wa Mwamapalala tulipewa pamba, kwa hiyo boti ya tajiri wetu ilianza safari yake ya kwanza juu ya lori. Heko kwake! Ni kaboti kadogo, ila vyombo vyake vinatosha kuendesha ndege: rada, kipima kina, kitafuta samaki, ramani ya setilaiti, redio ya VHF. Ziwa Victoria lenyewe palipo na kina kirefu ni kama mita 80, naye hatoki pwani ya Lamadi, ambako mvuvi hupima kwa pondo.

Redio ndiyo hunifurahisha. Anaita, "Kapteni hapa, mnanipata?" Wa kumjibu nani? Jirani zake wa mitumbwi wana simu za kitochi, hivyo mwisho humpigia mkewe.

Vyote hivyo vinanyonya betri moja, iliyong'olewa kwenye trekta. Vichwa vyake vimeota kutu ya kijani, nyaya zimefungwa kwa nailoni, na mahali pa fyuzi pana karatasi ya pakiti ya sigara. Ukimshauri asafishe vichwa, avikaze, anunue fyuzi ya kipimo chake, anakuuliza kama kuna rada kubwa zaidi. Wavuvi wa dagaa, walioacha karabai wakashika taa za sola, betri yao huifunika isilowe. Lakini hao ni maskini, watamfundisha nini?

Pamba ikipanda bei, nasikia ataongeza usukani unaojiendesha. Nanga bado anaazima.