Yah: Ombi la Kutofundishwa Sheria za Kazi

Kwa Mtendaji Mkuu,
Wakala wa Usalama na Afya Mahali pa Kazi (OSHA).

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Waajiri wenye maduka na stoo katika Mchafukoge na Kariakoo, jijini Dar es Salaam, wanauomba Wakala, kwa heshima na taadhima, usije ukashawishika kuwafundisha sheria za kazi kila zinapobadilika, kwa kuwa utaratibu uliopo unawatosha: waziri hutoa amri au kanuni kwa Tangazo la Serikali, yaani maandishi yanayopata nguvu ya kisheria yakishachapishwa katika Gazeti la Serikali, kisha mwajiri huyafahamu siku anapoandikiwa faini.

Isidhaniwe kwamba watu hawa ni wazito wa kupokea habari. Bei ya dola huwafikia kabla ya chai ya asubuhi, na kontena la Guangzhou likikwama mtaa mzima hujua limekwama bandari gani. Lakini Amri ya Kima cha Chini cha Mshahara ya 2025, iliyopandisha wastani wa kiwango cha sekta binafsi kutoka shilingi 275,060 hadi 358,322 kwa mwezi kuanzia 1 Januari 2026, bado iko njiani, na inaelekea imepanda mkokoteni. Mahakama, inafahamika, hazipokei utetezi wa kutoijua sheria; hata hivyo mfanyakazi anapoulizia malipo ya ziada baada ya saa 45 za wiki, utetezi huohuo humnyamazisha vizuri sana. Tangu marekebisho ya sheria ya 2021 yalipokifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria, kisingizio cha Kiingereza kimechakaa, hivyo hiki kilichobaki kinastahili kulindwa.

Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi, Na. 5 ya 2003, inamtaka mwajiri mwenye wafanyakazi zaidi ya wanne ateue kwa maandishi mwakilishi wa usalama na afya, yaani mfanyakazi anayeangalia hatari za kazini kwa niaba ya wenzake. Sharti hilo limetimizwa: barua ya uteuzi imo kwenye faili, ila mteuliwa mwenyewe, kijana wa kupanga mzigo, hajaambiwa. Mtungi wa kuzimia moto nao upo, nyuma ya madera ya kuuza, na mlango wa dharura hufunguka bila shida pindi makuli wanne wanapomaliza kuondoa marobota ya khanga yaliyoukinga hadi darini.

Wapo watakaotaja 16 Novemba 2024, ghorofa lilipoporomoka Kariakoo, mitaa ya Mchikichi na Kongo, na kuua watu zaidi ya 20 katika siku ya kawaida ya biashara. Waajiri walihuzunika kwa dhati, na kila mmoja akaenda kutazama nyufa za jengo la jirani.

Endapo ukaguzi hauepukiki, basi taarifa itolewe angalau saa mbili kabla, ili marobota yahamishiwe kwa asiyekaguliwa siku hiyo, na mwakilishi wa usalama apate kuisoma barua yake.

Wenu katika ujenzi wa taifa,
Waajiri wa Mchafukoge.