Mahali Penye Watu Wengi Wasiosema

"Ndugu yangu, tumzike kwanza. Pilau ni ya hitima."

Hayo niliambiwa na imamu, jeneza likiwa mabegani mwa watu, mimi nimepiga magoti nyuma ya kaburi la mtu nisiyemjua, tochi ya simu mkononi, kanzu imenasa kwenye miiba. Waliniuliza natafuta nini, nikawajibu ukweli: sufuria. Habari ilifika barazani kabla yangu. Asubuhi hii muuza kahawa amenimiminia kikombe, akaniita Bwana Hitima, wazee wakacheka mpaka mmoja akapaliwa na kashata.

Hilo sufuria si la nyumbani. Ni la kikundi cha mke wangu, la kupikia pilau ya kilo ishirini, halinyanyuki bila wanaume wawili, na hukaa kwa wanakikundi kwa zamu. Zamu ilikuwa yetu. Mke wangu yuko Korogwe kwenye msiba wa shangazi yake, mimi naingia stoo kutafuta bisibisi, nakuta duara safi sakafuni na vumbi pembeni yake. Kumpigia simu kumuuliza kungekuwa sawa na kumtangazia kwamba limepotea. Aliyeoa mweka hazina wa kikundi atanielewa. Nikaenda Ngamiani kwa maalim, anipigie ramli.

Watu wanadhani ramli ni mtu kufumba macho na kunong'ona. Ramli ni hesabu, tena hesabu iliyonifanya nisahau sufuria kwa muda. Maalim alitandaza mchanga laini kwenye bao, akaniambia nitie nia, kisha akaanza kuchoma nukta kwa kidole, mbiombio, bila kuhesabu, mstari baada ya mstari, mpaka ikatimia mistari kumi na sita. Akarudi mwanzo akizifuta mbili mbili. Mstari ukibakiza nukta moja ni witiri, ukibakiza mbili ni shufwa. Mistari minne ni umbo moja, kwa hiyo mistari kumi na sita ni maumbo manne, nayo huitwa mama.

Hapo nikadhani tumemaliza. Kumbe mama wanazaa. Unachukua vichwa vya mama wote wanne, unavipanga kimoja chini ya kingine, umepata binti wa kwanza. Mstari wa pili wa kila mama unakupa binti wa pili, na kuendelea mpaka mabinti wanne, bila kuongeza nukta hata moja. Kisha maumbo yanajumlishwa mawili mawili, mstari kwa mstari: witiri na witiri ni shufwa, witiri na shufwa ni witiri. Wanane wanazaa wanne, wanne wanazaa mashahidi wawili, na mashahidi wanamzaa mmoja tu, hakimu. Mabao yanayoweza kutokea ni 65,536. Nilimuuliza maalim kama kuna siku hakimu alimtoka vibaya. Akanitazama kama mwanafunzi aliyeuliza swali la maana kwa bahati.

"Hakimu hawezi kuwa na nukta witiri," akasema. "Akiwa witiri, aliyekosea ni mimi."

Nilikataa kuondoka mpaka nielewe. Kumbe ni rahisi: mabinti wana nukta zilezile za mama, zimepangwa upya tu. Kila nukta imeingia kwenye hesabu mara mbili, na kitu kilichohesabiwa mara mbili hakiwezi kuishia witiri. Kati ya maumbo kumi na sita, manane hayatakaa kwenye kiti cha hakimu hata bao lipigwe mpaka kiama. Nataka niwaulize wasomaji: mnajua mahakama ngapi ambamo hakimu akiharibika inaonekana papo hapo?

Elimu hii si ya jana. British Museum, kule London, kuna kifaa cha shaba kilichotengenezwa na Muhammad ibn Khutlukh al-Mawsili mnamo 1241 au 1242, chenye visahani vinavyozungushwa ili maumbo yajitokeze bila mtu kuchafua kidole kwa mchanga. Wamalagasi wana ya kwao, sikidy, wanayoipanga kwa mbegu. Mwanahistoria Ibn Khaldun aliigusa ramli kwenye kitabu chake cha Muqaddima cha 1377, akaikataa, lakini alijua anachokikataa. Nilikuwa nimekaa kwenye mkeka wa Ngamiani nikijisikia msomi.

Bao langu likamtoa hakimu anayeitwa Jamaa: mistari minne, kila mmoja nukta mbili. Huyu hutokea mashahidi wawili wanapofanana nukta kwa nukta. Ushahidi usiopingana, nikajisemea, kesi imekwisha. Maalim akavuta pumzi, akatamka:

"Kitu chako hakijatoka mjini. Kiko mahali penye watu wengi wasiosema. Maji yako karibu. Mwanamke anajua."

Akanyoosha mkono apewe ada.

"Mwanamke yupi, maalim?"

"Ramli haitaji jina, bwana. Nenda katulize akili."

Hapo ndipo panaponiuma. Kuanzia nukta ya kwanza mpaka ya mwisho kila kitu kinakaguliwa. Kisha inabaki hatua moja, kutoka mchangani hadi mdomoni, na hatua hiyo haina shahidi wala hakimu. Hesabu ya karne nane inakabidhiwa mtu anayewahi swala ya alasiri.

Kutuliza akili kukafanyika nyumbani. Dada yangu hakuhangaika na sentensi mbili za mwanzo. Alirukia ya nne, akairudia ya tatu: mwanamke, maji. Nyumba ya pili kutoka kwetu yuko bibi mjane anayeuza maji kwa madumu. "Kwisha," dada akasema, akachukua kanga yake na kumkataza mtoto asiende tena kuchota kule. Mimi, kwa kuwa nimeona jinsi hesabu ilivyopikwa, nilitaka jibu linalotimiza maneno yote. Watu wengi wasiosema. Si soko, si stendi, si msikiti maana kuna darasa la watoto. Makaburini, bwana! Na pale langoni kuna bomba la kunawia. Mpaka leo sioni kasoro kwenye hoja hiyo. Mwizi mwenye akili angeficha sufuria wapi pengine, chini ya kitanda chake? Yaliyofuata yanajulikana. Nitaongeza tu kwamba mmoja wa wafiwa alinishika mkono kwa upole akaniuliza marehemu alikuwa nani kwangu.

Mke wangu akarudi. Sikuwa nimefungua kinywa. "Lile sufuria," akasema akivua viatu, "kesho ukalichukue shuleni, niliwaazima kambi ya darasa la saba." Nilikwenda. Watoto walikuwa kwenye mtihani wa majaribio, madirisha wazi, darasa zima limeinama, hakuna hata wa kukohoa. Jiko liko nyuma, pembeni ya tangi la maji. Sufuria lilikuwa juu ya mafiga, limejaa makande. Mwanamke aliyekuwa anajua nimelala naye kitanda kimoja miaka yote hii.

Maalim, kusikia hivyo: "Si nilikwambia?"

Aliniambia nini? Maneno yale yangetosha maktaba, wodi ya wagonjwa na studio ya mpiga picha. Jibu likishapatikana, maneno yanajinyoosha yenyewe na kukaa juu yake sawasawa. Kabla ya hapo maana yake haikutoka kwa maalim, ilitoka kwetu, na sisi tulikuwa na bibi wa maji tayari. Bibi yule ameniuliza jana kwa nini mtoto hafiki siku hizi. Nikasema ana mtihani. Hana mtihani, yuko darasa la pili.

Bibi wetu amenyimwa salamu na wateja wa madumu. Kanda ya Ziwa vikongwe wameuawa kwa maneno ya aina hiihii, mwanamke anajua, mwanamke wa karibu, huku ushahidi ukiwa macho mekundu, macho yaliyogeuka mekundu kwa kupikia samadi ya ng'ombe miaka yote kwa kuwa kuni hakuna. Januari 2015 serikali ilitangaza kuwapiga marufuku wapiga ramli, kwa sababu ya mauaji ya watu wenye ualbino. Wanaoitwa wa ramli chonganishi bado wanakamatwa hapa na pale. Mpigaji daima ana pa kujificha: yeye hakutaja jina. Na kweli hakutaja. Jina lilitajwa jikoni, na mtu mwenye kanga, mwenye uhakika.

Madhara ya utabiri wa aina nyingine kwangu ni madogo. Mpwa wangu aliyeko Birmingham aliniangalizia karata za taroti kwa simu, akatoka Mtu Aliyening'inia, miguu juu kichwa chini, maana yake nitulie nisubiri. Nikatulia kituoni, daladala ya mwisho ikapita. Nyota za gazetini ziliniahidi mgeni kutoka mbali, akaja mtu wa bili ya maji.

Sasa maalim amemtuma kijana wake. Kitu kikipatikana, kuna shukrani: jogoo mweupe. Nikamjibu kwamba hakikupatikana, maana hakikupotea. Kijana akaenda, akarudi: maalim anasema hoja ni nzuri, ila kama hakikupotea, basi mimi sikupigiwa ramli ya kitu kilichopotea, nilipigiwa ramli ya siri za mke, na hiyo ada yake ni kubwa zaidi. Tumekubaliana jogoo. Mwekundu.