Nguchiro Wanakwenda Mbugani

Asubuhi ya Ijumaa, tarehe 24 Juni 2016, redio ya mama mmoja muuza chai pale Ziba ilitangaza kwamba Waingereza wamepiga kura ya kujitoa katika Umoja wa Ulaya. Ng'ambo ya barabara lori la pamba lilikuwa linaunguruma, na mngurumo ule ukameza neno "Umoja". Sisi tuliokaa kwenye benchi tukapata kilichobaki: Waingereza wamejitoa Ulaya.

Mzee aliyekuwa anaota moto karibu na jiko akashusha kikombe.

"Wamejitoa Ulaya," akasema. "Sasa wamehamia wapi?"

Tukacheka. Yeye hakucheka. Kwa watu wa rika lake Ulaya ndiko alikotoka Bwana DC. Mjerumani naye alitoka huko, hata Mbelgiji aliyeingia Tabora Septemba 1916, lakini Ulaya yenyewe, ile ya stempu yenye kichwa cha mfalme na ya viazi ulaya, ilikuwa kwao Mwingereza. Kumwambia mzee huyu kwamba Mwingereza amejitoa Ulaya ni sawa na kumwambia samaki amejiuzulu maji.

Nikajaribu kueleza. Kwamba Ulaya ni bara na Umoja ni chama. Kwamba Waingereza walijiunga na chama hicho mwaka 1973, wakaulizwa mwaka 1975 kama wanabaki, watu 67 katika kila 100 wakasema ndiyo. Na sasa wameulizwa tena, 52 wamesema tunatoka.

"Ardhi yao iko palepale?"

"Palepale, babu."

"Na hayo maji yanayowatenga na wenzao yana upana gani?"

Nikamwambia pale panapokaribiana zaidi, kati ya Dover na Ufaransa, ni kilomita kama 33.

"Hiyo ni safari ya baiskeli," akasema, "tena na gunia la mpunga nyuma. Basi hao ni nguchiro. Hujui habari ya nguchiro, mwanangu?"

Nilikuwa siijui. Mfanyabiashara mmoja wa Unguja, mwenye kofia ya kiua, aliyekuja kutafuta mchele, akasogeza kiti chake.

Kulikuwa na kichuguu, mzee akaanza, katikati ya mbuga inayoshukia Wembere. Unaijua mbuga yetu: udongo mweusi, kiangazi unapasuka hadi mguu wa mtoto unazama kwenye ufa, masika unakuvua kandambili na haukurudishii. Kichuguu chenyewe kilikuwa kikubwa kama nyumba, juu yake umeota mkwaju, na ndani yake wanaishi nguchiro. Kutoka pale hadi kwenye ukingo mkavu wa ng'ambo ni hatua arobaini. Mvua zikishika, maji yakashuka kutoka sukuma, yaani kaskazini, hatua zile arobaini zilikuwa ziwa, na kichuguu kikawa kisiwa. Mvua zikikatika, zilikuwa hatua arobaini.

Nguchiro walikipenda sana kile kisiwa chao. Walikipenda hata kiangazi, kisipokuwepo. Asubuhi mama nguchiro aliamka, akasimama kwa miguu miwili juu ya kichuguu na kuuliza, "Leo nani anakwenda Mbugani?" Hapo pande zote ni mbuga, na kichuguu chenyewe kimejengwa kwa udongo wa mbuga. Waliokwenda walishuka wakiwa wamejiandaa kama watu wa safari, wakavuka nchi kavu, na walipofika ng'ambo walisimama kukung'uta miguu, mmoja baada ya mwingine, kutoa maji ambayo hayapo. Jioni walirudi na hadithi. Mbugani kunapendeza, lakini wenyewe wana makelele. Mbugani wanakula mayai bila kuyapasulia kwenye jiwe. Mbugani, jamani, ukipotea hata kuuliza njia huwezi, lugha yao nyingine kabisa.

(Niseme neno hapa. Hadi leo Mwingereza akipanda ndege London kwenda kuota jua Hispania utamsikia akisema anakwenda Ulaya. Mimi nikipanda Dar es Salaam nasema hivyohivyo. Wawili sisi, viwanja viwili, maneno yaleyale.)

Pale mbugani kulikuwa na kobe, mkongwe kupita wote. Huyu aliwahi kuiona misafara. Aliwaona wapagazi wakipita na pembe za ndovu mabegani kwenda Tabora, na kutoka Tabora kwenda Bagamoyo, miezi mitatu njiani, wakipumzika chini ya miembe. Siku moja akawauliza nguchiro, "Hivi nyinyi si wa mbugani?"

"Sisi ni wa Kisiwani."

"Nisikilizeni," kobe akasema. "Vijana wale wa pembe waliondoka makwao kila mmoja na mtemi wake. Huyu wa Unyanyembe, huyu wa Ulyankulu kwa Mirambo, huyu Msumbwa, huyu anatoka huko sukuma. Njiani hata moto walikoka mbalimbali. Walipofika pwani wakaambiwa wote ni Wanyamwezi, watu wa huko mwezi unakoandamia. Hawakuulizwa. Walirudi na merikani begani na jina jipya kinywani. Jina la mtu mara nyingi hulijua zaidi aliye mbali naye."

"Hao ni watu," wakajibu nguchiro. "Sisi ni nguchiro."

Mwenye macho ya mbali kuliko wote alikuwa mwewe. Mwewe akiwa juu haoni Kisiwani wala Mbugani. Anaona kifungua kinywa.

Kwa sababu ya mwewe, na kwa sababu kiangazi maji hubaki mahali pamoja tu, wanyama waliunda Umoja wa Lambo. Nguchiro walikaa pembeni wakitazama, wakasema mambo ya mikutano ni ya watu wa Mbugani. Walipoona wenzao wananenepa wakaomba kuingia. Twiga, ambaye ndiye aliyekuwa na sauti wakati ule, akawatazama kutoka huko juu alikokuwa, akasema hapana. Wakaomba tena. Twiga akasema hapana. Twiga alipoondoka, wakaingia.

(Mzee hakuwa na habari ya Jenerali de Gaulle, rais wa Ufaransa, aliyewafungia Waingereza mlango mwaka 1963 na tena mwaka 1967, na ambaye kwa urefu alikuwa twiga kweli. Nakiri kwamba hadithi hii imeendelea kukua kichwani mwangu tangu asubuhi ile. Chumvi ikizidi kuanzia hapa, mzee asilaumiwe.)

Sheria za Umoja zilikuwa nyepesi. Kila ukoo utoe mlinzi, kila ukoo ulete kumbikumbi wa kuwalisha walinzi, na mtu asioge kwenye maji ya kunywa. Faida kubwa waliipata nguchiro kwa hondohondo. Kila alfajiri ndege hawa walitua kwenye mkwaju kuwangoja nguchiro waamke. Nguchiro wakichelewa, hondohondo waliwaita kwa kelele. Wakishuka pamoja, nguchiro walifukua, panzi wakaruka, hondohondo wakadaka. Nao hondohondo wakimwona mwewe walipiga ukelele na nguchiro wote wakatumbukia shimoni. Ukienda nyika ya Taru kule Kenya utaliona jambo hili kwa macho yako, wala si hekaya.

Lakini mtu akishiba huanza kuhesabu. Wazee wa nguchiro wakahesabu kumbikumbi wanaotoka Kisiwani kila wiki, wakasahau kuhesabu shingo zisizoliwa na mwewe. Wajanja wawili watatu wakachukua udongo mweupe, wakaandika ubavuni mwa kobe: KUMBIKUMBI 350 KILA WIKI WATABAKI NYUMBANI. Kobe hajui kusoma. Akazunguka na tangazo lile mbuga nzima kwa mwendo wake, yaani wengi walipata muda wa kutosha wa kulisoma, na alipowasalimia wakamwitikia kwa vigelegele, akadhani umri wake umeanza kuheshimiwa.

Kura ikapigwa. Nguchiro walikuwa mia: 52 tutoke, 48 tubaki. Wenye mvi masharubuni wengi walitaka kutoka, watoto wa juzi wengi walitaka kubaki, na waliokaa upande wa juu wa kichuguu, ule wa sukuma, walitaka kubaki kwa wingi mkubwa, wakaambiwa kichuguu ni kimoja.

Usiku ule wakacheza ngoma. Asubuhi wakakumbuka panya.

Panya huyu alikuwa na shimo lenye milango miwili, mmoja unafungukia kichuguuni, mwingine unafungukia ng'ambo. Watoto wake walilala huku na kula kule. Miaka ya nyuma milango hiyo miwili ilikuwa imegombaniwa hadi damu ikamwagika, na amani iliyopo ilitokana na kwamba hakuna tena aliyesimama kuuliza nani anapita. Sasa mpaka upite wapi? Wakajaribu kumweka mlinzi katikati ya shimo. Panya akakumbusha mambo ya zamani, mlinzi akatoka mbio. Miaka ikapita wakibishana. Mwishowe mpaka ukawekwa kati ya panya na nguchiro wenyewe, hivyo nguchiro akitaka kumpelekea jirani yake kipande cha yai, kwanza aeleze yai limetoka kwa ndege gani.

Hondohondo nao wakaambiwa waombe ruhusa kabla ya kutua kwenye mkwaju. Walioomba wakaambiwa wangoje. Ndege hajui kungoja. Ukingoni kuna miti mingine, na chini ya miti mingine kuna wanyama wengine wanaofukua. Baadhi walirudi, si wote. Mwewe hakuomba ruhusa.

Kulikuwa na ukoo mmoja usioshughulika na haya. Kichuguu, kama ujuavyo, hakikujengwa na nguchiro. Kilijengwa na mchwa. Wale wana njia zao chini ya ardhi, zinatoka kichuguuni na kupita chini ya ziwa lile la masika hadi kwenye majani makavu ya ng'ambo, na kila usiku walipita, huku wanakwenda watupu, huku wanarudi na mzigo. Mchwa hawakupiga kura, kwa kuwa hakuna aliyewahi kuwaona kama wenyeji. (Waingereza na Wafaransa nao wana njia ya namna hiyo chini ya bahari, ilifunguliwa mwaka 1994, kilomita 50, treni linapita usiku na mchana. Halikusimama hata siku Waingereza walipotoka rasmi, tarehe 31 Januari 2020.)

Kikaja kiangazi kikali kuliko vyote. Ziwa likawa tope, tope likawa vumbi, vumbi likapasuka. Nguchiro wakapanga mstari wa kokoto pale maji yalipokuwa yakiishia, wakamsimamisha mlinzi. Akija mtu kutoka ng'ambo mlinzi anauliza, "Unatoka wapi?"

"Mbugani."

"Unakwenda wapi?"

Mgeni anatazama mbele, anatazama nyuma, kote ufa na majani makavu. "Sijui tena," anasema.

Na nisiwacheke kupita kiasi. Wanaochimba habari za kale wanasema Uingereza ilikuwa imeshikana na bara, watu wakienda kwa miguu kuwinda, hadi bahari ilipopanda na kulifunika bonde lile miaka kama 8,000 iliyopita. Wavuvi wa Bahari ya Kaskazini hadi leo nyavu zao zinanasa mifupa ya wanyama wa nchi kavu. Kwa hiyo masika ya Waingereza yameanza zamani kidogo, na mtu akizaliwa masika na baba yake alizaliwa masika, utamlaumuje akidhani maji ndiyo nchi?

Mzee aliimaliza hivi. Mwaka ule wa ukame alizaliwa nguchiro mdogo ambaye hajawahi kuona mvua. Siku ya kwanza alipochukuliwa na mama yake wakavuka zile hatua arobaini, vumbi linawafika puani. Walipofika ukingoni mama akasimama, akaanza kukung'uta miguu. Mtoto akamtazama.

"Mama, unafanya nini?"

"Nakung'uta maji."

"Maji gani?"

"Wewe kung'uta miguu," mama akasema. "Tumefika Mbugani."

Tukacheka tena, na safari hii aliyecheka kuliko wote alikuwa yule wa Unguja. Alicheka hadi akavua kofia akajifutia macho. Bado anacheka simu yake ikaita.

"Eee, nakusikia," akasema kwa sauti ya mtu anayedhani simu husafirisha sauti kwa nguvu za mapafu. "Siyo mjini. Nipo Bara miye, huku Bara! N'tarejea Jumapili nikijaaliwa."

Akaweka simu mfukoni. Hakuna aliyesema kitu. Mama muuza chai akageuza andazi kwenye mafuta, akalitazama upande wa pili muda mrefu kuliko lilivyohitaji. Mzee akachukua birika, akamjazia mgeni kikombe.

Yule wa Unguja akaturudia kwa macho, mmoja mmoja, kisha akaelewa, akapiga paja lake.

"Nyinyi Wasukuma mna vituko, mzee wangu!"

"Wasukuma?" Mzee akashangaa kweli. Akaelekeza kidevu kaskazini, kwenye barabara ilikokwenda. "Wasukuma wako kule, Shinyanga."

Mpakia pamba mmoja, aliyekuwa amekuja kuomba maji ya kunywa, alikuwa ametokea Shinyanga wiki ile. Akatikisa kichwa, akameza, akaelekeza kidevu chake upande uleule, mbele zaidi.