Mwongozo wa Kuishi Kivyako Mjini Garissa

Umerudi kutoka Minneapolis na somo moja: kila mtu na lwake. Hongera. Ili kuliendeleza hapa kando ya Mto Tana, fuata hatua hizi.

1. Kana ukoo. Hapa huulizwi unafanya kazi gani. Unaulizwa wewe ni wa nani. Jibu: "Mimi ni wangu." Mzee atakuita "adeer", yaani ami, kwa huruma, akuhesabie mababu mpaka wa tisa, na njiani mtagundulika kuwa ndugu. Sasa una shangazi wanne wapya Bula Iftin, mmoja wao mgonjwa.

2. Kula peke yako. Agiza wali na nyama ya ngamia, uelekeze uso ukutani. Kitakachokuja ni sinia, na mkono wa pili utafika hata ndizi hujaimenya.

3. Jitoe kwenye kikundi cha WhatsApp cha mchango. Kabla ya Alasiri utakuwa umerudishwa. Namba 47 ya orodha: jina lako, kisha nafasi tupu. Hakuna atakayekusema. Ila kila anayetuma pesa atainakili orodha yote upya, na utupu wako ndani yake.

4. Kataa kuchangia diya, fidia ya damu. Waambie wazee hukumuua mtu. Watakubali kabisa. Kisha watakukumbusha kwamba kwa mila damu ya mwanamume ni ngamia 100, ya mwanamke 50 (hesabu ambayo akina mama wana swali nayo), na kwamba wewe pia unaendesha gari. Siku likimgonga mtu, una ngamia wangapi?

5. Kimbilia Wagiriki wa kale, maana Wazungu husema ustaarabu wao ulianzia huko. Utamkuta Aristotle akiandika kwamba asiyehitaji jamii ni ama mnyama ama mungu. Na mtu wa mambo yake tu, asiyeshiriki ya mji, walimwita idiotes. Waingereza walilirithi neno hilo. Leo kwao ni tusi.

6. Bado unataka faragha? Nenda soko la mifugo. Dalali na mnunuzi hushikana mikono chini ya kitambaa, vidole vikataja bei, na aliyesimama ubavuni asijue kitu. Hiyo ndiyo faragha ya Garissa: upana wake kitambaa kimoja, na hata humo mko wawili.